Turudishieni Saa Kumi Yetu

Jambo nitakalolisema limenikaa kooni tangu muhula wa kwanza.

Muhula huo ndipo saa kumi yetu ilipotekwa nyara. Hapo awali kengele ya saa kumi jioni ilikuwa ya michezo. Siku hizi kengele ni ileile lakini tunarudi darasani kwa masomo ya ziada, na uwanja umeachiwa ng'ombe wa shule. Ukiuliza, unajibiwa eti mbio hazikupi alama ya A. Majuzi katika mjadala wa chama chetu, mwenzetu mmoja alisimama akasema mwalimu wa michezo ni mtu wa kubeba mipira tu. Tulicheka sote, nami nilicheka. Usiku bwenini ndipo nilipojiuliza: kwani tulikuwa tukimcheka nani?

Hebu niwasimulie habari za mbeba mipira mmoja.

Mwaka wa 1976 mtawa kijana kutoka Ireland, Bradha Colm O'Connell wa shirika la Patrician, alifika Iten, kule juu ukingoni mwa Bonde la Kerio, kufundisha jiografia katika shule ya upili ya St Patrick's. Hakuja kulowea. Alinuia kukaa miezi michache tu kisha arudi kwao. Wala hakuwa kocha! Riadha pale shuleni ilisimamiwa na Mwingereza, Peter Foster, nduguye yule Brendan Foster aliyepata nishani ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki za Montreal mwaka uo huo. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia mwalimu wa jiografia.

Sasa hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Hakujua riadha, na hakujifanya anajua. Alisimama kando ya uwanja akawatazama wanafunzi wake wakikimbia, akawauliza maswali, akajifunza kwao. Ni walimu wangapi, au hata viranja, wanaoweza kukubali kufunzwa na walio chini yao? (Viranja wa bweni letu mnisamehe.) Polepole akawa na mtindo wake: vijana wasikamuliwe kama limau wangali wachanga, wajifunze kwanza kukimbia vizuri, miguu, mikono na mabega vikipatana, kasi itafuata baadaye.

Nayo ikafuata. Mwaka wa 1987 Ibrahim Hussein, aliyesoma shule hiyo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, na mwaka uliofuata akashinda ya Boston. Mwaka huo wa 1988, huko Seoul, Peter Rono akiwa na umri wa miaka 21 alinyakua dhahabu ya mita 1500. Mwaka wa 1992 Matthew Birir akashinda mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona. Wilson Kipketer naye, ambaye wengi humjua kama Mdenmark, alipita mikononi mwa Bradha Colm kabla ya kuvunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka wa 1997. Wasichana pia hakuwasahau. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka wa 2007 kule Osaka, alikuwa mwanafunzi wake wa mazoezi. Mabingwa hao hupandiwa miti katika ua wa shule ile ya Iten, kila mti na jina lake. Sisi hapa tuna miti mingi, lakini ni ya kuni za jikoni.

Wakati Rono anashinda, alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja huko Maryland, Marekani. Kule kocha wa chuo ni mtu mzima na kazi yake, awe wa riadha au wa softboli, ule mchezo wa wasichana unaofanana na besiboli. Ana mshahara wa ukocha, ana ofisi, na ana nafasi za masomo za kuwagawia wachezaji wake. Huku kwetu kocha ni mwalimu aliyetoka kufundisha vipindi vyake, chaki bado vidoleni, anakuja uwanjani na tumbo tupu. Wa kwetu hata maji ya wakimbiaji huyanunua kwa pesa zake. Halafu tunamcheka.

Najua kuna atakayesema, "Huko ni Iten bwana, huko kuna mwinuko." Jamani! Kericho yetu nayo iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na milima ya kupanda hatujawahi kupungukiwa. Tena nishani ya kwanza kabisa ya Olimpiki kuletwa Kenya haikutoka Iten. Ililetwa na mzaliwa wa hapa Kericho, Wilson Kiprugut arap Chumo, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka wa 1964, kisha akaongeza fedha kule Mexico mwaka wa 1968. Na Beatrice Chebet je? Ni binti wa kaunti hii. Mwaka wa 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, na miezi michache baadaye akarudi kutoka Paris na dhahabu mbili.

Hata David Rudisha si mtu wa mbali. Kwao ni Kilgoris, ukitoka Bomet unavuka tu. Babake, Daniel Rudisha, alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichopata fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mwaka wa 1968, na kijana naye alianza na mita 400. Bradha Colm alimtazama, kama ilivyo desturi yake, akaona mbio zake ni za mita 800. Agosti 2012 mjini London, Rudisha aliongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe, dakika 1 sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Hesabuni wenyewe: tangu 1976 hadi siku hiyo ni miaka 36. Miezi michache iliyonuiwa ilizaa hayo.

Sisemi sote tutakuwa akina Rudisha. Wengi wetu hatutakuwa, mimi wa kwanza, ninayemaliza wa mwisho hata nikifukuzwa na mbwa. Lakini yupo msichana wa kidato cha pili, jina nalihifadhi, ambaye mamake huchuma majani chai. Kila asubuhi hukimbia kutoka kambi ya wafanyikazi hadi langoni, na hajawahi kuchelewa. Tangu saa kumi ichukuliwe, hakuna aliyempima muda hata mara moja. Zamani aliyeshindwa na masomo alitishwa kwamba ataishia kuchuma chai. Siku hizi mashine zinachuma, na hata kitisho hicho hakina maana. Basi huyu tunamwambia nini? Kwamba tulikuwa na mlima, tulikuwa na mwalimu, lakini tulikosa saa moja?

Nawaomba walimu wetu: si lazima siku zote tano. Turudishieni Jumatano na Ijumaa, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Masomo ya ziada yachukue siku tatu zilizobaki, hatutanung'unika. Ng'ombe wahamishiwe nyuma ya jiko. Saa ya kupimia muda tutainunua sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili. Kufikia leo tumechanga shilingi 840, na yule aliyesema habari za kubeba mipira ametoa mia moja.