Amplifaya Safi Haitoki kwa Transista Ghali

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie amplifaya. Najua wengine mtacheka: mtu wa kuandika kodi anatafuta nini kwenye nyaya za spika? Ngojeni, uhusiano upo.

Mwaka jana nilijiundia amplifaya ya transista ya wati 50 hivi. Iliimba, lakini sauti za juu zilikuwa na ukwaruzo fulani. Rafiki yangu mmoja akanipa dawa: "Wewe nenda Luthuli Avenue ununue transista za bei, hizo zako ni za maskini." Nusura nitoe pesa mfukoni. Kisha nikajiuliza: programu yangu ikikwama, huwa nanunua tarakilishi mpya? La! Huwa naisaka hitilafu kwanza.

Basi nikaweka rezista ya omu 8 mahali pa spika, nikaingiza toni ya hezi 1,000, na kupitia kadi ya sauti nikaangalia kinachotoka. Vilele vilivyojitokeza vilikuwa hezi 2,000 na 4,000. Hiyo ni dalili kubwa. Transista za mwisho zikipokezana vibaya, moja ikiachilia kabla nyingine haijashika, aghalabu utaona harmoniki za witiri, yaani 3,000, 5,000 na kuendelea. Hizi zangu zilikuwa shufwa. Zilitoka wapi?

Kwenye amplifaya ya daraja B, waya wa umeme chanya hubeba nusu ya wimbi, na waya hasi hubeba nusu nyingine. Nusu wimbi limejaa harmoniki shufwa, na waya wake hutoa uga wa sumaku. Mimi nilikuwa nimeupitisha mmoja kando kabisa ya waya wa kuingiza muziki! Nikazisokota nyaya hizo mbili pamoja na kuzisogeza mbali. Vilele vikashuka. Gharama: shilingi sifuri.

Mtasema, si kuna fidibaki hasi ya kurekebisha makosa? Kweli ipo, na ni uvumbuzi mkubwa. Harold Black wa Bell Labs aliupata mwaka wa 1927 akiwa kwenye feri akielekea kazini, akauchora juu ya ukurasa wa gazeti. Hesabu yake ni tamu: ukiwa na ukuzaji wa mara 20,000 na unahitaji mara 20 tu, makosa ya ndani hupungua takriban mara 1,000. Lakini kapasita inayozuia amplifaya isitetemeke yenyewe hupunguza fidibaki kadiri masafa yanavyopanda. Tena, fidibaki haijui muziki ni upi. Takataka zikiingia mlangoni pamoja na wimbo, zitakuzwa kwa uaminifu ule ule. Sisi wa programu tunaijua hiyo: ukiingiza data chafu, utatoa majibu machafu.

Mwingereza Douglas Self alionyesha jambo hili vizuri katika makala zake za 1993 na 1994, kisha katika kitabu chake cha 1996. Aliorodhesha vyanzo vya upotoshaji wa sauti kimoja kimoja, akavishughulikia kwa zamu, akafika chini ya asilimia 0.001 kwenye hezi 1,000 kwa transista za kawaida tu.

Sisemi transista hazina maana. Bandia zipo, na zitakuunguzia spika. Nunua halisi. Ila halisi si lazima iwe ya kifahari.

Kinachoniuma ni kijana fundi anayetumia akiba yake yote kubadilisha vipuri, na tatizo liko kwenye waya mmoja uliopita pabaya. Vyuoni tulifundishwa fomula ya fidibaki hadi tukaiota, lakini sikumbuki mwalimu akituambia waya upite wapi. Kwa maoni yangu, kadi ya sauti na programu ya bure ya kupima ndivyo vifaa vya kwanza ambavyo fundi anafaa kuwa navyo. Pima kwanza, nunua baadaye.

Je, wewe umewahi kubadilisha kipuri kizima kizima ukakuta ugonjwa bado upo? Tuambie. Mimi narudi kwenye kodi yangu, muziki ukilia nyuma, safi kabisa!