Usiuze Korosho Kabla Hujajua Kama Hati ya Polisi Itatoka



Leo naweka pembeni salfa na ubwiriunga. Naandika juu ya jambo ambalo halimo kwenye ratiba yangu ya ugani, lakini limo kwenye mikorosho yenu kwa sababu pesa yake hutoka huko. Nazungumzia safari za vijana wetu kwenda nje kufundisha Kiingereza, na ile hati ya tabia njema ya polisi ambayo wengi huikumbuka mwishoni, magunia yakiwa yameshauzwa.

Mambo huwa yanakwenda hivi. Kijana amemaliza ualimu, ajira hajapata. Anapewa namba ya mtu anayesema ana nafasi China, Korea Kusini au Uarabuni: kufundisha watoto Kiingereza, mshahara kwa dola. Ada ya kushughulikia safari inatakiwa wiki hii, vinginevyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Wajomba wanakaa kikao. Minada haijaanza, hivyo korosho zinauzwa zingali maua kwa mtu wa kangomba, kwa bei anayoitaka yeye. Wengine wanaweka shamba rehani. Kijana akiuliza habari za polisi, anajibiwa: "Hiyo achana nayo, tutaimaliza wenyewe."

Msimamo wangu ni huu. Anayekuambia kwamba uchunguzi wa polisi unaweza kurukwa hakupeleki darasani. Na familia isitoe pesa kubwa mpaka ijue mambo mawili: je, nchi hiyo inampokea Mtanzania kwa kazi hiyo? Na je, karatasi za kijana zitapita kwenye uchunguzi?

Kwa nini wanatuchunguza

Wapo wanaosema huku ni kudharauliwa, kwamba Mwafrika anadhaniwa mhalifu kabla hajafika. Naelewa uchungu huo, lakini tuangalie sheria hizi zilikotoka. Oktoba 2007 polisi wa kimataifa, Interpol, walitangaza kumsaka mtu aliyedhalilisha watoto barani Asia. Alikamatwa Thailand mwezi huohuo. Alikuwa raia wa Canada, na alikuwa amefundisha Kiingereza Korea Kusini. Desemba mwaka huo Korea Kusini ikaanza kudai hati ya polisi kwa kila mgeni anayeomba viza ya kufundisha lugha. Sheria ile haikuletwa kwa ajili ya Waafrika. Iliwalenga walimu wote wa kigeni, na wengi wao walikuwa Wamarekani, Wakanada na Waingereza.

Uingereza nayo, tangu Aprili 2017, inawataka wanaoomba viza ya kazi za elimu, afya na ustawi wa jamii walete hati kutoka kila nchi waliyoishi miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, wakiwa na umri wa miaka 18 na kuendelea.

Mimi nina watoto. Akija mgeni kufundisha shule ya kijijini kwetu, ningependa mtu awe ameuliza alikotoka alikuwa nani. Ninachokitaka kwa mwanangu siwezi kumkatalia mzazi wa Seoul au wa London.

Isitoshe, sisi ni watu wa korosho. Gunia likifika ghalani, sampuli inachukuliwa, korosho zinakatwa, unyevu unapimwa, ndipo daraja linatajwa. Hakuna anayesema ghala limemtukana. Tunachokataa ni mizani ya wizi. Kupima kwenyewe hatukukatai.

Mlango ni mwembamba kuliko unavyoambiwa

Hapa ndipo familia nyingi zinapotea, kwa sababu zinaanza kuhangaikia safari kabla ya kuuliza kama mlango upo.

Korea Kusini hutoa viza ya kufundisha Kiingereza, ile ya E-2, kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Canada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Kijana wetu anaweza kuwa na hati ya polisi safi kama maziwa, na viza hiyo bado asiipate.

China kwa kawaida hutaka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na digrii, na alete hati ya polisi iliyothibitishwa. Kwa England, Februari 2023 nchi tisa ziliongezwa ambazo walimu wake wanaweza kuomba kutambuliwa huko. Za Afrika zilikuwa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Sisi hatukuwemo.

Sisemi hakuna Mtanzania anayefundisha nje. Wapo. Ninachosema ni kwamba mtu akikuahidi kazi ya Kiingereza katika nchi ambayo sheria yake haikutaji, basi kuna moja kati ya mawili: atakula pesa yako, au atakupeleka kwa viza ya utalii ukafanye kazi nyingine kwa kujificha. Na anayefanya kazi kwa viza ya utalii hana pa kushitaki akinyimwa mshahara.

Sheria hizi pia hubadilika upesi. Tarehe 4 Februari 2018 Falme za Kiarabu zilianza kudai hati ya tabia njema kwa wanaoomba viza ya kazi. Tarehe 1 Aprili mwaka huohuo zikasitisha. Miezi miwili tu! Kwa hiyo "binamu yangu alikwenda bila hati" si ushahidi. Uliza ubalozi wa nchi husika kwa mwaka huu.

Jina lako linaanza kukukwamisha hapahapa

Mnakumbuka uhakiki wa mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatafuta wa kangomba. Lengo lilikuwa kumlinda mkulima. Lakini hata wakulima halali walisubiri, na aliyekuwa na karatasi zenye jina moja mahali na jina jingine mahali alisumbuka zaidi. Uchunguzi wa viza una tabia hiyohiyo. Wanaokwama si wahalifu peke yao. Wanakwama pia watu wema wenye karatasi zisizosemezana.

Huku kwetu tatizo hili ni kubwa. Mtoto anazaliwa na jina moja, akitoka jandoni au unyagoni anaitwa jingine, akianza shule mwalimu anaandika analosikia, na NIDA inaandika la nne. Ukoo nao mmoja anafuata baba, mwingine anafuata mjomba. Nyumbani sote tunajua ni mtu yuleyule. Afisa wa viza hamjui. Akiona cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha chuo matatu na hati ya polisi imeandikwa vingine, anaona watu watatu tofauti.

Jambo la pili ni Msumbiji. Sisi wa kandokando ya Ruvuma tunavuka kama tunavyokwenda mnadani. Wapo vijana waliokaa Pemba au Montepuez miaka miwili au mitatu wakichimba au kuuza duka. Mwaka 2017 Watanzania wengi walifukuzwa huko Montepuez. Kama nchi unayoiomba inataka hati kutoka kila ulikoishi, hati ya polisi wa Tanzania peke yake haitoshi. Utahitaji na ya Msumbiji, ambayo wenyewe wanaiita Registo Criminal. Kuficha miaka hiyo ni hatari kuliko kuieleza. Uingereza, kwa mfano, ukibainika umedanganya kwenye maombi ya viza unaweza kufungiwa hadi miaka 10. Hati ya kughushi ya shilingi laki mbili inaweza kukuzibia njia kwa muongo mzima.

Na mwenye doa je?

Hili ni swali gumu, nami silikwepi. Yupo kijana aliyewahi kuhukumiwa kwa ugomvi wa kilabuni akiwa na miaka 19. Leo ana miaka 30, ana mke na shamba la ekari tatu, hana ugomvi na mtu. Je, afungiwe dunia nzima?

Kwa maoni yangu, makosa dhidi ya watoto na makosa ya kingono hayana mjadala: mtu huyo asiingie darasani, iwe hapa, iwe ng'ambo. Lakini kosa dogo la zamani lingepaswa kupimwa kwa uzito wake na umri wake. Nchi nyingine hupima hivyo, nyingine hazipimi. Wewe mwenye doa, jambo la busara ni kujua mapema. Nenda uombe hati, uone inasema nini, ndipo uamue kama pesa ya familia iende kwenye safari au kwenye miche mipya. Kujua ukweli kabla ya kuuza korosho ni hasara ndogo. Kuujua baada ya kuuza ni hasara ya ukoo.

Na sisi tuwachunguze wao

Hapa ndipo ninapogombana na utaratibu wote huu. Kijana anachukuliwa alama za vidole, vyeti vyake vinapekuliwa, mpaka jina la bibi yake linaulizwa. Lakini dalali na mwajiri nani anawachunguza? Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania waliokwenda Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa hati za kusafiria, kufanyishwa kazi saa nyingi mno na kutolipwa walichoahidiwa. Karatasi zao zilitazamwa kabla ya kuondoka. Za nyumba walizokwenda, nani alizitazama? Ahadi ya darasa kwenye simu inaweza kugeuka jiko na watoto wa watu, nawe huna njia ya kurudi.

Hivyo familia nayo ifanye uhakiki wake. Wakala wa ajira lazima awe na kibali cha Serikali. Jina lake liulizeni TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, au ofisi ya kazi. Mkataba uwe wa maandishi, utaje jina la shule, mji, mshahara na aina ya viza. Pigeni simu shuleni kwenyewe kwa namba mliyoitafuta ninyi, si aliyowapa yeye. Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani unasema mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada. Basi anayeanza mazungumzo kwa kudai mamilioni ameshajieleza. Mwenye kangomba hununua korosho yako kabla haijakomaa kwa sababu anajua una shida. Dalali wa namna hii ni mtu wa kangomba, ila bidhaa yake ni mwanao.

Fuata mpangilio huu

Anza na kisichogharimu pesa kubwa. Kwanza, uliza ubalozi kama Mtanzania anaruhusiwa kazi hiyo. Jibu likiwa hapana, mambo yameishia hapo na korosho zako zipo.

Pili, linganisha majina na tarehe za kuzaliwa kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule. Yakitofautiana, rekebisha sasa, RITA, NIDA au kwa hati ya kiapo kwa wakili, maana huchukua muda. Fanya hivi hata kama huna safari, kwani mikopo na mirathi vitakudai hayohayo.

Tatu, hati ya kusafiria. Ada yake ni shilingi 150,000, inalipwa Uhamiaji kwa namba ya malipo ya Serikali, si mkononi mwa mtu.

Nne, hati ya tabia njema kutoka Jeshi la Polisi, kwa alama zako mwenyewe za vidole. Hakuna anayeweza kukutolea vidole. Mwenye wasiwasi na historia yake aiombe mapema ajijue. Mwingine asubiri awe na barua ya kazi, kwa sababu mara nyingi hati iliyozidi miezi sita haipokelewi. Kisha ulizia uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje na wa ubalozi.

Tano, ndipo mjomba aitishe kikao cha pesa. Na pesa hiyo itoke kwenye malipo ya mnada kupitia chama chenu cha msingi, isitoke kwa kangomba.

Neno moja kwa vijana wenyewe. Kiingereza wanacho wengi, na wenye nacho kwa kuzaliwa ndio hupewa nafasi kwanza. Kiswahili ni chetu. UNESCO imeitengea lugha hii siku yake, tarehe 7 Julai, na BAKITA ina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili na mafunzo ya kuwafundisha wageni. Huko nako utaulizwa hati ya polisi, lakini utakuwa umesimama kwenye shamba lako mwenyewe.

Mwenye mkataba asiouelewa auchukue aende nao ofisi ya kazi kabla ya kusaini. Mimi ni mtu wa mikorosho, si mwanasheria, ila gunia lililouzwa kwa kangomba halirudi ghalani.