Mtambo Mpya wa Michezo: Je, CD Zako Zitaingia?

Leo ningependa tuzungumze na wazazi wanaosumbuliwa na watoto wao wawanunulie mtambo mpya wa michezo ya video, pamoja na vijana wenyewe wanaojiwekea akiba kwa ajili hiyo. Lililonifanya nishike kalamu nililiona Otonglo, pale sokoni kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, ukishapita uwanja wa ndege.

Kuna kijana mmoja hapo mwenye kibanda cha mabati. Ndani ana runinga moja na mabenchi mawili, na jioni vijana wenzake huja kucheza mechi za soka kwa ada ndogo. Pesa hizo ndizo zinazomlipia mdogo wake karo. Majuzi aliuza PlayStation 4 yake, akaongezea akiba, akaenda mjini kununua mtambo wa kizazi kipya. Muuzaji alimwambia tu kwamba huo ni mpya na bei yake ni nafuu kuliko mwenzake. Aliporudi alifungua boksi lake la CD 17, akaanza kutafuta tundu la kuzitia. Hakuliona, kwa sababu mtambo ule hauna tundu.

"Hizi zote ni mali yangu, mzee," aliniambia akinionyesha lile boksi, "lakini haziingii popote."

Kibanda kilifungwa wiki nzima. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, akataka kujua ni kitu gani hiki kinachomfanya mtu anunue kipya na vya zamani vikawa takataka. Swali lake ni la haki, na jibu lake linafaa kila nyumba.

Msomaji, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kama mtambo mpya unaweza kuendesha michezo ya mtambo uliotangulia. La pili ni kama una mahali pa kutia CD.

Kuhusu la kwanza, historia yake si moja. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilisoma CD za ile ya kwanza, na wengi walidhani itakuwa hivyo daima. PlayStation 3 za mwanzo, za mwaka 2006, zilisoma michezo ya PlayStation 2, lakini uwezo huo ukaondolewa katika zilizofuata. PlayStation 4 ya mwaka 2013 haikusoma CD za mitambo iliyoitangulia. PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, huendesha karibu michezo yote ya PlayStation 4, lakini CD za zile za zamani zaidi haizisomi. Nayo Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, huendesha michezo mingi ya Switch ya kwanza.

Kuhusu la pili, ndipo wengi wanaponaswa. PlayStation 5 ilipotoka, ililetwa kwa namna mbili: yenye tundu na isiyo nalo, na isiyo nalo ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu. Xbox Series S pia haina tundu. Hata PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024, ambayo ni ghali zaidi, iliuzwa bila tundu, na anayelitaka hulinunua kando.

Asiye na tundu hana budi kununua mchezo kwenye duka la mtandaoni na kuupakua. Mchezo mmoja mkubwa waweza kufika gigabaiti 100. Mzazi anayenunua data kidogo kidogo na apige hesabu mapema.

Tena, unaponunua kwa njia hiyo, unachopata ni leseni ya kucheza, iliyofungwa kwenye akaunti yako. Huwezi kumwazima jirani, wala kubadilishana na mwenzako shuleni, wala kuupeleka sokoni siku karo inapokupiga chenga. Katika jimbo la California nchini Marekani, sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inawataka wauzaji wa bidhaa za aina hii wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni.

Haki nayo itendeke: CD nayo si kinga kamili. Mchezo wa magari uitwao The Crew, uliotoka mwaka 2014, ulitegemea kompyuta za kampuni iliyoutoa. Zilipozimwa Machi 31, 2024, hata wenye CD hawakuweza kuucheza tena.

Basi, kabla ya kutoa pesa, fanya haya. Kwanza, mwambie muuzaji akuonyeshe tundu kwa macho yako. Pili, nenda na CD yako moja uijaribu hapo hapo dukani. Tatu, ikiwa mtambo hauna tundu, uliza kama aina hiyo hukubali kuongezewa kifaa cha kusomea CD. PlayStation 5 isiyo na tundu ya mwaka 2020 haikubali, lakini ile nyembamba iliyotoka Novemba 2023 hukubali, na siku ya kukifunga kifaa hicho utahitaji intaneti. Nne, usiuze mtambo wa zamani mpaka mpya umefanya kazi nyumbani kwako. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Yule kijana wa Otonglo tuliugeuza mtambo wake pamoja, tukasoma maandishi ya boksi, tukakuta ni wa aina inayokubali kuongezewa kifaa. Si bure, lakini ni afadhali kuliko kununua upya michezo yote 17. Kwa sasa ameazima mtambo wa zamani kwa rafiki yake, na kibanda kimefunguliwa. Mama yake aliniambia kwamba safari ijayo ya mjini wataenda wawili, na boksi la CD atalibeba yeye mwenyewe.

Waluo waliita sarafu ya senti 10 otonglo. Ni pesa ndogo, lakini nayo ina jasho la mtu. Iulizie kabla haijatoka mkononi.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.