Pima Kwanza, Ndipo Uchuje

Siku hizi, katika mitaa ya Arusha yenye nyumba za kuta ndefu, imezuka biashara ya kuuza mitambo ya kuchuja na kulainisha maji ya nyumba nzima. Mtambo hufungwa pale bomba la mamlaka linapoingia uani, na muuzaji huahidi kwamba tangu siku hiyo kila bomba, la jikoni, la bafuni, hata la chooni, litatoa maji salama. Bei yake humshinda mwalimu, lakini wenye nazo wananunua. Nami nasema, bila kumumunya maneno, kwamba kwa mji wetu biashara hii ni kuuza dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Tuanze na neno lenyewe, kulainisha. Miaka niliyofundisha sayansi katika chuo cha ualimu, somo la maji magumu halikuhitaji maabara: chupa mbili na kipande cha sabuni, basi. Maji yanayokataa kutoa povu ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Ndiyo yanayoacha utando mweupe ndani ya birika. Mtambo wa kulainisha una punje za resini zinazonasa madini hayo mawili na kutoa sodiamu mahali pake. Punje zikishiba huoshwa kwa maji ya chumvi, na maji hayo humwagwa. Ni ufundi mzuri, na mkazi wa Dodoma, ambako maji ya visima ni magumu, ana haki ya kuufikiria. Hata hivyo, ugumu wa maji husumbua sabuni na birika kuliko unavyomsumbua mnywaji.

Arusha tuna adui mwingine, naye ni floridi. Hutoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, haina rangi, haina harufu, wala haionekani kwa macho. Mtoto akiinywa kwa wingi katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka, meno hayo huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hukakamaza mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa Tanzania kiwango kilikuwa miligramu 4 kwa muda mrefu kabla ya kushushwa hadi hiyo 1.5.

Sasa msomaji asikilize vizuri. Zile punje za kulainisha hazinasi floridi, huipisha ikapita. Isitoshe, maji yenye floridi nyingi aghalabu huwa na kalsiamu kidogo, yaani ni laini tayari. Mtu wa Arusha anayenunua mtambo wa kulainisha huenda analipa ili aondolewe kitu ambacho karibu hanacho, na aachiwe kile kinachomdhuru mwanawe.

Kuna na chujio la mkaa maalumu, ambalo huuzwa pamoja na mtambo huo. Hilo huondoa harufu ya klorini, na watu hufurahi. Lakini klorini ndiyo mlinzi aliyewekwa na mamlaka dhidi ya vijidudu. Ukimfukuza mlinzi huyo getini, kisha ukayahifadhi maji siku tatu ndani ya tangi juu ya paa, umeufungua mlango mwenyewe.

Kijana mmoja muuzaji alifika kwangu. Baada ya shikamoo na marahaba, aliweka glasi mbili mezani, moja ya maji ya bomba letu, nyingine ya maji aliyokuja nayo. Akatumbukiza vyuma vyenye umeme. Maji yetu yakageuka matope ya kahawia, yake yakabaki meupe. "Umeona, mzee, uchafu mnaokunywa?" Nikamwomba mke wangu chumvi ya jikoni, nikatia chembe katika glasi yake, nikamwambia arudie. Nayo ikawa kahawia. Maana ile kahawia ni kutu ya vyuma vyake mwenyewe. Maji yenye chumvi au madini hupitisha umeme, na chuma huliwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, maji ya hapa yana floridi kiasi gani?" Akajibu kwamba mtambo unaondoa kila kitu. Utajuaje kimeondoka kitu ambacho hukukipima?

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi tunywe tu tunachopewa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haipandi na mvuke. Hubaki katika sufuria, tena maji yakipungua huzidi kukolea. Zipo njia za kweli. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe hunasa floridi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, humu humu mkoani, kimeushughulikia kwa miaka mingi. Upo pia utando wa kuchuja kwa shinikizo, ingawa hupoteza maji mengi. Vyote hivyo vyatosha kufungwa kwenye bomba moja la jikoni, kwa maji ya kunywa na kupikia. Choo hakina meno.

Lililo zito zaidi ni hili. Mwaka 1971, nikiwa mwalimu kijana, nchi ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji salama ndani ya mita 400. Lengo halikutimia, lakini angalau maji yalikuwa shauri letu sote. Leo mwenye sauti, ambaye angepiga simu ofisi ya maji na kusikilizwa, anafunga mtambo wake na kunyamaza. Anayebaki kulalamika ni mama wa kwenye kioski, na nani atamsikiliza?

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Mamlaka ibandike kila mwezi, katika ofisi za kata na mbao za matangazo za shule, kipimo cha floridi cha maji yanayofika mtaa huo. Na muuzaji yeyote wa mtambo alazimishwe kuonyesha cheti cha maabara cha maji ya nyumba ile ile, kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Asiye na vyeti hivyo viwili afungishwe glasi zake na vyuma vyake, aende zake.