Shule ya Ada au ya Kata? Tuulize Pia Mtoto Atakaa na Nani

Mwezi uliopita baba alinipigia simu saa nne usiku. Wanachuo wenzangu mnajua simu ya mzazi saa hizo: ama kuna msiba, ama kuna hela imekosekana. Haikuwa hivyo. "Wewe si ndiyo unasomea ualimu, mama?" akaniuliza. "Basi tusaidie. Huyu mdogo wako tumpeleke wapi?"

Mdogo wangu wa kike amemaliza darasa la saba, Sent Kayumba kama sisi wote nyumbani. Amepangiwa shule ya kata, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka kwetu Mbeya. Hapo hapo amefaulu mtihani wa kujiunga na shule moja ya binafsi ya bweni, ada sh. 2,800,000 kwa mwaka, achilia mbali godoro, sare na ile michango isiyoisha. Baba ni fundi umeme, mama anauza mchele sokoni. Hela ya mwaka wa kwanza ipo, ila ni hela iliyowekwa kuezeka nyumba.

Sababu za kwenda binafsi hazihitaji digrii. Kule kuna maabara inayofanya kazi na mwalimu kwa kila somo. Mtoto halali njaa, na hapiti vichakani saa kumi na moja alfajiri, jambo ambalo kwa mtoto wa kike si dogo hata kidogo. Sibishani na hayo. Lakini katika mazungumzo yote ya nyumbani kuna swali ambalo halikuulizwa: atakaa dawati moja na nani?

Kusema kweli, mama aliligusa kidogo. Siku ya mtihani meneja wa shule ile aliwaambia wazazi kwa fahari kwamba ana wanafunzi kutoka mikoa zaidi ya ishirini, Waislamu kwa Wakristo. Mama alifurahi. Mdogo wangu yeye alirudi na swali lake: "Dada, kwa nini sisi hatuna gari?"

Hapo ndipo ninapogomba na neno "mchanganyiko" kama linavyotumika kwenye vipeperushi vya shule. Mhaya, Msukuma, Mmakonde na Mchaga wakikaa bweni moja, na baba zao wote wanalipa ada ileile bila kukopa, wamechanganyika makabila tu. Mifuko ni mmoja.

Nchi hii iliwahi kujaribu mchanganyiko wa aina nyingine. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969, shule za mashirika ya dini zilizokuwa zinapokea ruzuku ziliwekwa chini ya serikali. Pugu, alikofundisha Nyerere ikiwa bado shule ya Wakatoliki, ikawa ya watoto wa dini zote. Wanafunzi walipangwa mbali na kwao, kwa mgawo wa mikoa, na mtoto wa mkulima akalala kitanda cha juu ya mtoto wa mkubwa serikalini. Tusijidanganye, nafasi zilikuwa chache na waliobaki nje ni wengi mno. Lakini waliopata walionana.

Mimi nimeonja mabaki ya mpango huo. Kidato cha tano na sita nilisoma bweni la serikali. Chumbani kwetu kulikuwa na binti aliyeletwa na gari la ofisi ya baba yake, tranka limejaa mpaka halifungi. Kitanda cha pili alikuwepo wa kutoka Newala, ambaye likizo fupi alibaki shuleni kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inazidi alichotumiwa kwa muhula mzima. Mwezi wa kwanza mwenye tranka alivaa funguo shingoni hata akienda kuoga. Muhula wa pili funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari mlangoni. Hakuna aliyetuhubiria. Tulikula kande moja, tukagombania ndoo moja, na yule wa Newala ndiye aliyemvusha mwenzake hesabu. Leo wote wako vyuoni, na mmoja anajua kwa macho kwa nini mwingine bumu likichelewa halali.

Sasa nije kwenye upande unaoniuma. Ningependa kusema "mpelekeni kata, huko ndiko kuna wananchi", nipigiwe makofi. Ila mwaka jana nilikwenda BTP kwenye shule ya kata, darasa la wanafunzi 94, mwalimu wa fizikia hakuna tangu muhula wa kwanza. Nikatazama madawati nikitafuta huo mchanganyiko. Watoto wote walikuwa wa mtaa uleule na hali ileile. Wa diwani hakuwepo. Wa mkuu wa shule hakuwepo pia, kila asubuhi basi la njano lilimpitia. Shule za kata zilipoenea kwa MMES kuanzia 2004, watoto wengi mno walipata kidato cha kwanza, na elimu bila ada ya 2016 ikaongeza wengine. Ni jambo kubwa, nami ni tunda lake. Lakini wenye uwezo walitoka kwa mlango wa nyuma, na waliondoka na sauti zao. Kwenye kikao cha wazazi nilichohudhuria walikuja kina mama kumi na mmoja, wakakaa nyuma, wakasikiliza, wakaenda zao. Kule kwenye ada, fizikia ikikosa mwalimu wiki mbili, simu ya meneja haipumui.

Tena sisi wenyewe. Kwenye semina moja muhula huu mhadhiri aliuliza ni nani kati yetu angempeleka mwanawe shule ya kata. Tulikuwa kama arobaini, walimu watarajiwa watupu. Mikono minne, halafu kicheko. Mimi sikunyoosha wala sikucheka.

Nilipompigia baba nilimwambia hivi: mdogo wangu aende kata. Paa lisubiri kidogo, sehemu ya hela ya ada ilipie bajaji ya asubuhi na jioni na tuisheni ya Kiingereza na hesabu. Na yeye baba, ambaye hajawahi kuhudhuria kikao cha shule yangu hata kimoja, ahudhurie vyote na aulize kwa sauti mwalimu wa fizikia yuko wapi. Akifaulu, kidato cha tano aombe bweni la serikali, kwa sababu huko bado kuna uwezekano wa kukutana na yule wa Newala na yule wa tranka kwa pamoja. Huko nako siku hizi ada hakuna, tangu 2022.

Baba alinyamaza kidogo, akampa mama simu. Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu," alisema, "unataka kumfanyia mdogo wako majaribio?"

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo nusu sasa: hata kumpeleka binafsi ni majaribio, tofauti ni kwamba yanafanyika kwa yule anayebaki. Mama hatalipenda, na akiniuliza mbona mkono wangu haukunyooka semina, nitamwambia ukweli kwamba niliogopa. Fomu ya shule binafsi iko juu ya kabati la televisheni, mwisho wa kulipa ni tarehe 15. Nimeshakata tiketi ya basi la Ijumaa.