Malungu Yanangoja Mtunzi
Eric Wainaina wa Nairobi alisomea muziki Berklee, Boston, na wengi tunamjua kwa wimbo wake wa kukemea rushwa. Mimi namheshimu zaidi kwa kazi ya jukwaani: Mo Faya, tamthilia ya nyimbo kuhusu mtangazaji wa redio anayeutetea mtaa wake wa mabanda usinyakuliwe, ilichezwa New York mwaka 2009. Kisa kama hicho, cha kitu kinachohitaji kutetewa kisipotee, nasi Ufipa, Tanzania, tunacho. Malungu, tanuri za udongo zinazopita kimo cha mtu, zilivuta hewa zenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto, mawe yakatoa chuma cha majembe. Leo mvua inazibomoa. Walimu wa kwaya wa Sumbawanga, sauti nne mnazo. Watungieni tamthilia wahunzi waliozitumia tanuri hizo, tuanze kuiimba hapa hapa mjini.