Cheti cha Aliyeugua

Wazee wetu husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii twaisikia msibani na katika mabaraza ya usuluhishi, lakini ni nadra kuisikia hospitalini. Huko mwenye kujua ni mganga, na mgonjwa ni wa kuchunguzwa, kuandikiwa na kuambiwa. Katika toleo hili tunapenda kuzungumza juu ya nchi ambayo sheria zake zimejaribu kuichukua hekima hiyo kwa uzito, zikaipangia saa za masomo, mtihani, cheti na malipo. Nchi hiyo ni Marekani, na mtu tunayemzungumzia twaweza kumwita kwa Kiswahili msaidizi rika mwenye cheti.

Neno rika lisitupoteze. Kwetu rika ni watu wa umri mmoja, waliokua pamoja na pengine kupitia jando pamoja. Hapa linalowaunganisha watu ni ugonjwa. Msaidizi rika ni mtu aliyewahi kuugua akili, au aliyewahi kutawaliwa na pombe au dawa za kulevya, akapata nafuu, kisha akafundishwa kumsindikiza mwenzake aliye bado njiani. Si daktari, si muuguzi, wala si mshauri aliyetoka chuoni na shahada. Kinachomwingiza kazini ni kile kile ambacho kwingineko kingemfukuzisha kazi.

Pengine mtauliza: mambo ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili wanaishi huko, hasa wakimbizi wa Kongo, ambao kwa miaka mingi tangu 2016 wamekuwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wakimbizi waliopokewa na nchi hiyo. Wamo waliofika na majeraha ya vita ambayo hayaonekani kwenye ngozi, na anayeweza kuwasikiliza bila mkalimani ni mtu mwenye thamani kubwa. Pili, kazi hiyo hiyo inafanyika hapa kwetu, tena kwa muda mrefu, lakini mara nyingi bila jina na bila ujira wa kueleweka. Hilo la pili ndilo lililotushikisha kalamu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, msimamizi wa wodi ya wagonjwa wa akili alikuwa Jean-Baptiste Pussin. Yeye mwenyewe aliingia humo kwanza akiwa mgonjwa, si wa akili bali wa kifua kikuu cha tezi. Alipenda kuwaajiri waliopata nafuu wawahudumie waliokuwa bado wanaumwa, na mwaka 1797 aliwavua wagonjwa wale minyororo. Vitabu vingi vimempa sifa hiyo daktari wake, Philippe Pinel. Ndivyo ilivyo mara nyingi: kazi ya aliyeugua huandikwa kwa jina la aliyesoma.

Huko Marekani, mwaka 1908 Clifford Beers alichapisha kitabu kuhusu mateso aliyoyapata katika hospitali za wagonjwa wa akili. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, walevi wawili walioamua kusaidiana waache pombe walianzisha kile kilichokuja kuitwa Alcoholics Anonymous. Lakini miaka hiyo yote msaada huo ulibaki kuwa jambo la hisani. Aliyesaidia alisaidia kwa moyo wake, na moyo haulipi kodi ya nyumba.

Mabadiliko makubwa yalitoka mahali pasipotazamiwa, yaani katika vitabu vya hesabu. Mwaka 1999 jimbo la Georgia lilikuwa la kwanza kukubaliwa kulipia huduma ya wasaidizi rika kutoka Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato kidogo. Bima hailipi wema. Hulipa huduma iliyoelezwa, itolewayo na mtu anayetambuliwa. Ndipo kikahitajika cheti. Mwezi wa Agosti 2007 serikali kuu iliyaandikia majimbo yote barua ikisema kwamba yanaweza kufanya kama Georgia, kwa masharti matatu: msaidizi asimamiwe na mtaalamu anayefaa, kazi yake iwe ndani ya mpango wa matibabu ambao mgonjwa mwenyewe ameshiriki kuupanga, na awe amefundishwa na kupewa cheti. Kutoka hapo majimbo yalifuatana moja baada ya jingine.

Tuchukue mfano wa California, jimbo kubwa ambalo lilichelewa na kupitisha sheria yake mwezi wa Septemba 2020. Anayetaka kuwa msaidizi rika huko awe ametimiza miaka 18 na awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Atamke mwenyewe kwamba amepitia ugonjwa wa akili au uraibu na safari ya kupata nafuu, au kwamba ni mzazi au ndugu wa aliyeipitia. Awe radhi kuisimulia safari hiyo pale inapomfaa mwenzake. Atie sahihi kanuni za maadili, asome saa 80, ashinde mtihani. Baada ya miaka miwili cheti huhuishwa, na hapo huulizwa amejifunza nini zaidi.

Hebu tulitafakari sharti lile la kutamka. Ni mlango gani mwingine wa ajira ambapo mtu huulizwa, "Je, umewahi kurukwa na akili?" na jibu la ndiyo likawa ndilo linalofaa? Mama aliyemfungia mwanawe chumba cha nyuma ili majirani wasijue atatuelewa tukisema kwamba sharti hilo peke yake ni mapinduzi. Aibu iliyofichwa inaandikwa kwenye fomu kama ujuzi.

Na ni ujuzi kweli, maana kuugua peke yake hakumfanyi mtu awe msaidizi, kama vile kuzama mtoni kusivyomfanya mtu awe mwogeleaji. Zile saa 80 humfundisha mambo yaliyo magumu kuliko yanavyosikika. Hujifunza kusimulia kisa chake kwa kipimo, ili kisiwe kirefu kuliko cha mwenzake. Hujifunza kuuliza badala ya kuagiza. Hufundishwa kutotaja jina la ugonjwa, kutoshauri dawa ianzwe wala iachwe, na kutokopesha fedha wala kukopa kwa anayemhudumia. Kisha anakwenda kukaa hospitalini usiku na mtu aliyeokolewa baada ya kumeza sumu. Anamsindikiza mwingine mahakamani. Anamsaidia wa tatu kupata chumba cha kupanga na kuandika, angali mzima, dalili za hatari zinazomjia kabla ya kuanguka na nani aitwe zikija.

Sisi makasisi jambo moja katika masomo hayo latugusa kwa karibu, nalo ni siri. Siri ya kitubio haina mlango. Siri ya msaidizi rika inao mmoja: mtu akionyesha kwamba atajiua au atamwua mwingine, msaidizi hana budi kuwaambia wanaoweza kuzuia. Uungwana ni kumweleza mwenzake hivyo siku ya kwanza, kabla hajafungua kinywa. Tunawasihi viongozi wa jumuiya ndogondogo wanaotembelea nyumba za wagonjwa walishike hili, kwa sababu tumeona wema wengi wakiahidi "hata iweje sitasema," ahadi ambayo mlei hapaswi kuitoa.

Lakini tusiichore Marekani kama paradiso. Yapo mambo ya kuhuzunisha katika mpango huo, nayo ni ya haki hasa. Mtu aliyetawaliwa na dawa za kulevya, mara nyingi amepita pia gerezani. Sheria inamwambia: njoo, tunauhitaji ujuzi wa maisha yako. Anapofika kwa mwajiri, rekodi ya polisi inafunguliwa, anaambiwa: rudi, maisha yako yanatutia wasiwasi. Idara ya shirikisho ya huduma hizo, SAMHSA, ilipotoa viwango vya mfano mwaka 2023 (mafunzo ya saa 40 hadi 60 na saa 120 za kazi chini ya usimamizi), ilishauri pia kwamba makosa ya zamani yasiwe kizuizi cha moja kwa moja. Ushauri si amri, na majimbo hayafanani.

Aidha, wengi wao hulalamika kwamba ujira ni mdogo, na kwamba wakiwa mahali pa kazi hugeuzwa kuwa madereva wa wagonjwa na watunza mafaili. Wengine, kwa kukaa muda mrefu na wataalamu, huanza kusema kama wataalamu; yule aliyekuwa mwenzako anakuwa daktari mdogo asiye na shahada. Hilo twaliona ni hasara kuliko mshahara mdogo. Cheti kilikusudiwa kulinda sauti ya aliyeugua, si kuibadilisha.

Na je, huduma yenyewe inafaa? Mwaka 2013 mapitio ya Cochrane yaliyokusanya majaribio 11, yenye watu 2,796, yaliona kwamba waliohudumiwa na watu waliowahi kuugua hawakuwa na hali bora wala mbaya kuliko waliohudumiwa na wataalamu katika kazi za namna hiyo. Wapo watakaosema, basi faida ni nini? Sisi twasema: someni tena. Watu ambao jamii iliwahesabu kuwa mzigo walibeba kazi pamoja na wenye shahada, na wagonjwa hawakudhurika. Hata hivyo msaidizi rika hachukui nafasi ya daktari wala ya dawa, na anayemwachisha mgonjwa vidonge vyake kwa kuwa "mimi nilipona bila dawa" amekwisha kuitoka kazi yake.

Sasa turudi nyumbani. Katika nyumba za upataji nafuu za Zanzibar na za Bara, wengi wa wanaopokea vijana wa heroini mlangoni ni watu ambao wenyewe waliitumia heroini, nao hufuata hatua 12 zile zile zilizotoka kwa walevi wa Akron. Katika kliniki za UKIMWI, WAVIU washauri wamewasindikiza wenzao wasiache dawa, wakiwafuata hata majumbani. Katika mradi wa utafiti ulioitwa UPSIDES, ulioanza mwaka 2018, hospitali ya Butabika huko Kampala na taasisi ya Ifakara jijini Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo watu waliowahi kuugua akili walifundishwa kuwasaidia wenzao. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba jambo hili ni la Wazungu.

Tofauti iko katika nani analipa, na kwa jina gani. Wengi wa watu hawa wetu huitwa wa kujitolea. Hupewa posho au nauli mradi ukiwapo, na mradi ukiisha huambiwa ahsante. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi zilizobebwa na watu wa namna hii katika nchi zetu zilitikiswa kwa siku chache tu. Msaidizi rika wa Georgia hakusimama juu ya mradi. Alisimama juu ya bima, yaani juu ya haki ya mgonjwa kupata huduma na haki ya mtoa huduma kulipwa.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria ya namna hiyo hupata nyama yake katika kanuni na katika orodha ya huduma zinazolipiwa, na orodha hizo hupangwa na watu wanaosikia maombi. Tungependa halmashauri za walei, mnapokutana na wabunge na madiwani wenu, muulize kwa jina: je, huduma ya aliyeugua na kupata nafuu itahesabiwa kuwa huduma? Nani atamfundisha, kwa saa ngapi, na kwa lugha gani? Atasimamiwa na nani? Rekodi ya gereza itamfungia mlango? Je, atatakiwa cheti cha kidato cha nne, hali wengi wao shule ilikatizwa na ugonjwa wenyewe? Kwa maoni yetu inatosha ajue kusoma na kuandika vizuri lugha ya wale atakaowahudumia.

Kabla ya hayo yote, liko dogo linalowezekana katika kila parokia kabla ya Dominika ijayo. Ipo orodha ya wanaotembelea wagonjwa. Itazameni muone kama yumo hata mmoja aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, au aliyeacha pombe akadumu. Kama hayumo, mnawajua walipo. Nendeni mkawaulize kama wangependa, wala msiwalazimishe, kwa kuwa yupo aliyepona ambaye hataki kukirudia kitanda kile hata kwa kukisimulia, na hiyo nayo ni haki yake.